Gari Lisilopata Moto

Ndugu zangu, leo naomba tupande mlima. Twende kule Uporoto, kwenye viazi na pareto, mwezi wa saba, wakati majani yanaamka meupe kwa sakitu, ule umande ulioganda, na watu wanasalimiana mikono ikiwa mifukoni.

Huko aliishi mkulima wa viazi, baba wa binti mmoja, Tusekile. Alikuwa na gari dogo alilolinunua Kyela, bondeni kwenye joto, na kila alipokutana na wenye magari alikuwa na sifa moja tu ya kuitoa. "Hili halijawahi kuchemsha," alisema. "Nyie nawakuta kwenye kona mmefungua boneti, mnamwagia maji. Mimi napiga honi, napita."

Mwaka huo mke wake alijifungua kabla ya wakati. Mtoto wa kiume, mdogo kiasi kwamba baba aliogopa kumshika. Wakalazwa hospitali ya mjini, chini ya mlima, mama akimfunga mtoto kifuani usiku na mchana mpaka akaanza kuongezeka uzito. Siku ya ruhusa ikafika. Baba akashuka asubuhi, akaegesha mbele ya wodi, akaanza kupakia mabegi.

Muuguzi wa zamu akamfuata nje.

"Baba, mnakaa wapi?"

"Juu, sista. Ukishapita msitu."

"Hita ya gari inafanya kazi?"

"Inafanya. Sikiliza." Akawasha gari, akazungusha kitufe cha feni mpaka namba nne. Feni ikanguruma.

Muuguzi hakusikiliza. Aliingiza mkono dirishani, akauweka kwenye tundu la upepo na kuuacha hapo.

"Inapuliza," alisema. "Ila inapuliza baridi."

"Itapata moto njiani."

"Umeshuka nayo kutoka huko juu asubuhi hii. Ilipata?"

Mkulima akatazama usukani.

"Mtoto huyu hana mafuta mwilini, baba. Baridi ya mlima ule inaweza kumrudisha hapa leo hii, tena akirudi ana bahati. Katengeneze gari. Simtoi mpaka niweke mkono hapa niunguzwe."

Mke wake alikuwa amesimama mlangoni, mtoto kifuani, viatu vya safari mguuni. Aligeuka akarudi ndani. Mkulima angependelea kutukanwa.

Akaenda kwa fundi. Fundi mwenyewe alikuwa mtu wa maneno mengi. Alikaa kwenye kiti cha dereva, akanyoosha mkono kwenye tundu, akacheka. "Kaka, hili siyo gari. Hili ni friji lenye matairi."

Akaanza kutafuta. Alidhani maji yamepungua; akafungua rejeta, maji yamejaa mpaka shingoni. Akadhani hewa imeingia kwenye mipira. Akaitoa hewa, wala hakuna kilichobadilika. Akadhani hita imeziba. Akashika mpira unaoingia na mpira unaotoka. Maji yalikuwa yanapita vizuri, lakini mipira yote miwili ilikuwa vuguvugu, kama chai iliyosahauliwa mezani.

Niambieni, ndugu zangu, feni ilikuwa na kosa gani? Maji yalikuwa na kosa gani?

Fundi akafuta mikono. "Mshale wa joto huwa unafika wapi ukiendesha?"

"Haupandi," mkulima alijibu kwa fahari. "Uko chini kabisa siku zote."

"Siku zote?"

"Tangu nimenunua."

Fundi hakucheka tena. Alichukua spana, akafungua bomba linalotoka kwenye injini kwenda kwenye rejeta, akachungulia. "Njoo uone. Hapa panakaa themostati. Ni kidude kama kizibo. Injini ikiwa ya baridi kinafunga njia, maji yanabaki ndani mpaka yapate moto. Yakishapata moto kinafungua, yanaenda kwenye rejeta kupoa. Hapa kwako pako wazi. Maji yanakimbilia kupoa kabla hayajapata moto. Na hita inachota joto kwenye maji hayohayo. Itachota nini? Nani alikitoa?"

Mkulima akakohoa. "Mimi ndiye niliyemwambia fundi wa Kyela akitoe. Nilisikia ndicho kinachochemsha magari."

"Usione haya. Hata mimi nimevitoa vingi, wateja ndivyo wanavyotaka." Akavuta kopo kutoka chini ya meza, limejaa vidude hivyo vilivyong'olewa kwenye magari ya watu. Akachagua kimoja, akakijaribu kwenye birika la maji ya moto, kikafunguka, akakifunga mahali pake.

"Sasa si litachemsha?" mkulima aliuliza.

"Litapata moto. Kupata moto si kuchemsha, kaka."

Kesho yake muuguzi aliweka mkono kwenye tundu, akauondoa haraka. "Haya," alisema. "Nendeni salama."

Wakapanda. Mama alikaa nyuma na mtoto kifuani. Ndani ya gari palikuwa na joto zuri, mpaka akalegeza blanketi. Lakini mkulima hakuwa anatazama barabara peke yake. Alikuwa anatazama mshale. Ulikuwa umeacha mahali ulipozoea kulala, ukapanda robo, ukafika nusu. Hakuwahi kuuona hapo. Akaanza kutoka jasho. Walipofika juu kabisa, pale msitu unapoishia na upepo unapoanzia, akatoa gari pembeni. Akazima.

Feni ikanyamaza. Upepo ukasikika kwenye milango.

"Kuna nini?" mke aliuliza.

"Linapata moto. Tazama mshale. Tuliache lipoe kidogo."

Mama alitazama mshale. Akatazama vioo, vilivyokuwa vimeanza kuingia ukungu. Akavuta blanketi, akamfunika mtoto mpaka kichwani.

"Baba Tusekile," alisema, "jana tulirudishwa wodini tukitafuta nini?"

Mkulima akafuta ukungu kwenye kioo kwa kiganja.

"Ulizunguka siku nzima unatafuta moto. Umeupata. Sasa umeegesha uupoze, na mwanao yumo ndani. Washa gari."

Akawasha. Mshale ukapanda tena mpaka nusu, ukakaa hapohapo, na hivyo ndivyo walivyofika nyumbani.

Ndugu zangu, msimcheke mtu huyu. Sisi tunazo feni za namba nne. Spika zetu zinasikika mpaka ng'ambo ya mto, kwaya inatetemesha mabati, na mahubiri, kama mnavyojua, hayana upungufu wa upepo. Lakini mwenye baridi akiingia humu akaweka mkono, anakuta nini?

Tusiseme Mungu hajaleta moto. Tunauomba kila Jumapili, na yeye anauleta. Tatizo ni kwamba hauji kama tulivyoutazamia. Unakuja na jina la mtu. Ni mjane ambaye kilio chake hakikuisha siku mlipoanua tanga. Ni kijana aliyetoka gerezani, ambaye kwenye benchi watu wanamwachia nafasi pana kuliko anavyohitaji. Umekwenda kumsalimia, umemsikiliza, na ghafla kuna kitu kinapanda kifuani. Chakula hakishuki. Usingizi unakatika. Mshale umeacha mahali ulipozoea kulala.

Hapo sisi tunafanya nini? Tunaegesha pembeni. Tunasema, "Nimemwachia Mungu," tunazima. Kisha tunauita ule ubaridi amani. Wako hata wanaojisifu kwamba shida za watu hazijawahi kuwanyima usingizi. Mtu wa namna hiyo tumwambieni ukweli: hilo gari si zima. Liliharibiwa zamani, na aliyeliharibu ni mwenye gari, kwa kuogopa.

Mnasema, "Mchungaji, nikibeba ya watu nitachemka." Aliyetuumba anajua kipimo cha mshale wetu; moyo aliutengeneza yeye, tena kwa kazi hii hasa. Haukutengenezwa uwe baridi.

Yule mjane yuko nyumbani kwake sasa hivi. Mnajua njia. Ibada ikiisha, kabla hamjaenda kula, mpitieni. Na ukiwa umekaa pale kwenye kigoda, akaanza kusimulia upya yale uliyokwisha kuyasikia, ukahisi kifua kinaanza kupanda joto na mkono unatafuta kofia, kaa. Usiage.