Fisi na Shimo la Kuchimbiwa

Paukwa!

Pakawa!

Aa, mnaitika kama watu walionyimwa uji. Paukwa!

Pakawa!

Sasa sawa. Hapo kale, zamani sana, wanyama wa nyikani walikuwa na chuo cha kuchimba mashimo. Msicheke! Kiangazi kikija, moto ukiwaka nyikani, asiye na shimo ni nyama choma. Mwalimu mkuu alikuwa Muhanga, yule mwenye pua ndefu na makucha ya kazi. Kila asubuhi aliwaimbisha wanafunzi wake:

"Mchimbaji, kucha zako?"

"Zimekwisha!"

"Zimeishia wapi?"

"Zimeishia shimoni!"

Kati ya wanafunzi hao alikuwamo Fisi. Mama yake alimlea peke yake, tena kwa shida. Kiangazi kilichopita moto ulimuunguza mama huyo mguu, akabaki anachechemea. Lakini kila aliyekutana naye njiani alimwambia, "Mwanangu yuko chuoni, bwana! Akimaliza, mimi sikimbii moto tena."

Kumbe mwana mwenyewe huko chuoni alikuwa bingwa wa kulala. Wenzake wakichimba, yeye yuko kivulini anapaka kucha mafuta.

Mtihani wa kwanza ukaja, wa kunusa udongo. Fisi akakaa nyuma ya rafiki yake Nungunungu, mchimbaji hodari lakini mlafi wa maboga. Nungunungu akikohoa mara moja, ni kichanga. Akikohoa mara mbili, ni mfinyanzi. Muhanga akasema, "Pole na kifua, Nungunungu." Fisi akafaulu.

Mtihani wa pili ukaja, wa vipimo. Fisi akaandika majibu tumboni kwa masizi, katikati ya madoa yake. Nani angejua lipi doa, lipi jibu? Akafaulu tena. Akacheka, mnajua fisi anavyocheka.

Ukabaki mtihani wa tatu, shimo lenyewe. Na hapo chuo kilikuwa na desturi yake. Siku ya kuhitimu, kila mwanafunzi huingia na mama yake katika shimo alilochimba. Mwalimu huziba mlango wa mbele kwa udongo. Ukimtoa mama kwa mlango wa nyuma, vigelegele, umehitimu.

Fisi akamwendea Nungunungu. "Ndugu yangu, nichimbie. Maboga nitaleta mpaka uyakimbie."

Nungunungu akameza mate. Akachimba la kwake, akachimba na la Fisi. Alipomaliza akamwambia, "Ukiingia, kata kushoto, kisha panda juu. Utatokea kwenye kichuguu."

Fisi akakariri: kushoto, kisha juu. Kushoto, kisha juu. Hata kupita humo mara moja ajaribu, hakupita. Ya nini, na njia anaijua?

Siku ikafika. Mama Fisi alikuja na kanga mpya, akapunga mkono kwa kila mtu, hata kwa asiowajua. Wakaingia. Mlango ukazibwa, pu! Giza. Mama akamshika mwanawe mkono.

"Mwanangu, mbona kucha zako ndefu hivi?"

"Nazitunza, mama."



Wakakata kushoto, sawa. Wakapanda juu, mama mbele, sawa. Kichwa cha Mama Fisi kikatokea kwenye kichuguu, watu wakapiga vigelegele. Halafu mabega yakagoma. Mbele haendi, nyuma harudi.

Jamani, shimo alichimba nani?

Nungunungu!

Naye alipima mlango wa nyuma kwa mwili wa nani?

Wake!

Muhanga akainama. "Fisi, mchimbaji hupima mlango kwa mabega yake. Shimo hili la nani?"

"Langu!" Fisi akajibu kutoka ndani.

"La nani?"

"Langu, mwalimu! Mama amenenepa tu!"

Watu wakacheka. Lakini Mama Fisi hakucheka, pumzi ilikuwa inamwishia.

"Fisi, nakuuliza mara ya tatu. La nani?"

Mle gizani, mguu wa mama yake, ule wenye kovu la moto, ulikuwa unamgusa puani. Fisi akapiga ukelele: "La Nungunungu! Nilimhonga maboga! Mimi sikuchimba hata kiganja! Mtoeni mama yangu!"

Wanafunzi wakakimbilia kichuguu. Muhanga akawazuia. "Mkichimba juu, udongo utamfukia. Atolewe kwa ndani. Wewe mla maboga, mwelekeze mwenzako!"

Nungunungu akaita, "Anza upande wake wa kulia, udongo ni laini! Usifanye pupa, kwangua!"

Fisi akakwangua. Ukucha wa kwanza ukavunjika, akakwangua. Wa pili ukavunjika, akakwangua. Wa tatu ukavunjika, na mama akachomoka, kanga imejaa vumbi, lakini mzima.

Hakuna aliyepiga kigelegele. Muhanga akamnyima Fisi cheti. Akamnyima na Nungunungu. "Wewe ulijua kazi, ukaiuza kwa maboga. Rudia mwaka."

Mama Fisi akajipangusa. Alikuwa na aibu, tena kubwa. "Mwalimu, nimeshatangaza kila mahali kwamba mwanangu ni mchimbaji. Nikirudi nitawaambia nini?"

Muhanga akauinua mkono wa Fisi, akazitazama kucha zile.

"Mchimbaji, kucha zako?"

"Zimekwisha," Fisi akajibu, machozi yanamtiririka.

"Zimeishia wapi?"

"Zimeishia shimoni."

Muhanga akamgeukia mama. "Kawaambie leo ameanza chuo."

Haya, ninyi mnaoandikiwa kazi na wenzenu halafu mnapiga picha na joho, na ninyi mnaowaandikia, mmesikia? Nguo ya kuazima haisitiri makalio. Mtihani unaweza kuuibia, lakini iko siku wanaokutegemea watakuwa ndani ya shimo pamoja nawe.

Hadithi yangu nimeiziba mlango wa mbele. Aliyeipenda atoke nayo kwa mlango wa nyuma, na aliyekwama aseme, tumchimbue.