Somo wa Binti Kidawa

Sogeeni karibu, nina kesi mkononi na hukumu sina.

Kidawa alikuwa na wanawake watatu wa kumtegemea. Mama mkwe wake, Bi Mwajabu, alikuwa na ulimi usiodanganyika. Wifi yake, Chausiku, hakusahau kitu. Jirani yake, Tabu, akikushika hakuachii.

Kidawa alipenda kula udongo, kama wajawazito wengi. Mimba ya kwanza aliuchimba nyuma ya nyumba, akatafuna. Mwanawe Sudi alipoanza kutambaa, akamwonjesha kwa mkono wake mwenyewe. Sudi alikuwa ameshajua kuita "mama". Neno lile likampotea, na mengine hayakuja. Majirani wakasema kapatwa na jini.

Mimba ya pili, Bi Mwajabu alimkuta tena akitafuna. Akaonja kidogo, akatema.

"Mwanangu, tangu lini udongo ukawa mtamu hivi?"

Chausiku, aliyekuwa karibu, akashtuka. "Kabla mji haujafika huku, hapo nyuma walikuwa wakivunja betri za magari na kuyeyusha madini ya risasi, sumu yenye utamu. Moshi wake ulikuwa unatukaba."

Wakaenda hospitali, damu ikapimwa. Sumu ya risasi ilikuwemo kwa Kidawa, na kwa Sudi ilizidi; ndiyo iliyomwibia maneno.

Lakini kujua si kuacha. Kidawa alijua, na bado mate yalimjaa. Tabu akamchukua yeye na Sudi nyumbani kwake, akawaachia kitanda, na kila uchu ulipopanda alimkamata mikono. "Nitukane utakavyo, shoga, lakini huli." Akatukanwa kwelikweli.

Akazaliwa mtoto wa kike, mzima, sauti yake inafika barabarani. Katika ukoo ule, mtoto aliyeokolewa hupewa jina la mwokozi wake, nao huwa masomo, wenye jina moja, maisha yote. Na mwokozi ni mmoja tu.

"Bila ulimi wangu, nani angeshtuka?" akasema Bi Mwajabu.

"Bila mimi, mngesema mama kazeeka, ladha zimempotea," akasema Chausiku.

"Na bila mimi, angeurudia ule udongo jioni ile ile," akasema Tabu.

Kidawa akamgeukia Chausiku. "Wifi, habari ya betri uliijua tangu nahamia?"

"Niliijua. Hakuna aliyeniuliza."

Kidawa alitamani kumlaumu, akaukumbuka mkono wake mwenyewe. Mlangoni Sudi alikuwa amekaa kimya, akimsikiliza mdogo wake analia.

Haya, wasikilizaji. Mtoto mngempa jina la nani? Na Sudi, asiyeweza kuuliza, mngemwambia nini?