Jinsi Ngano Ilivyojifunza Kula kwa Majani

Kunja pua utakavyo. Wewe unayepakwa dawa ya kifua mgongoni na kesho ukasema umepona, leo umepata ubavu wa kubisha kwamba jani la ngano halili? Kaa hapo. Usikie kwanza, ndipo ubishe.

Zamani ngano ilikula kwa mizizi tu. Majani yalikuwa ya kujipamba na kuota jua. Huko juu kwenye miteremko ya Rungwe aliishi Tupokigwe, mke wa Ambakisye aliyekuwa mtu mpole, na mkwe wa Mzee Mwaisumo, ambaye upole haukumfikia. Desturi yao ilikuwa kali: mke wa mwana haonani na baba mkwe wala hasemi naye. Akimwona njiani, hujificha. Mzee akiwa na neno, humwambia mbuzi.

Mwaka huo mbegu yote ya ukoo ilikuwa imepandwa shambani kwa Tupokigwe, na mvua ikakatika ngano ikichanua. Udongo ukakauka, ukafumba. Majani yakageuka rangi ya mkeka mkuukuu. Kila asubuhi Tupokigwe alimwaga shinani mtungi wa mkojo wa ng'ombe uliozimuliwa kwa maji, ndiyo mbolea yake, udongo ukaumeza wenyewe, mizizi isiambulie kitu.

"Ewe mbuzi," Mzee akasema uani, "mwambie huyo mtu, mbegu ya babu zangu ikifa, arudi kwao na mtungi wake."

Tupokigwe, nyuma ya ukuta, akamuuliza kuku, "Kwani mvua nayo nimeifunga mimi?"

Kesho yake, umande ungali majanini, Tupokigwe alikuwa na mtungi wa mkojo kichwani alipomwona mzee anakuja. Njia ilikuwa moja. Akajitupa ndani ya ngano kifudifudi, kama desturi ilivyotaka. Mtungi ukapasuka, mkojo ukarukia majani pande zote. Akabaki pale analia kimyakimya: chakula chote kimemwagikia mahali pasipo na mdomo.

Lakini njaa haina adabu. Ngano iliyofungiwa mlango wa chini ikatoboa vidirisha majanini, vidogo hata jicho lisivione, ikanywa. Siku ya nne, pale alipoangukia palikuwa kijani tupu.

Tupokigwe akaelewa kwamba majani yamekula. Akaazima mtungi, akafunga kitita cha matawi, akanyunyizia mkojo uliozimuliwa shamba zima. Ila kipande cha mwisho alikifanyia haraka, jua la utosi, mkojo mwingi kwa maji kidogo. Ncha za majani zikaungua. Ngano ilikuwa imefungua dirisha. Yeye alitaka kupitisha gunia.

Na tangu siku hiyo ngano hula kwa majani pia, kidogo kidogo, kukiwa na ubaridi, chakula kikizimuliwa vizuri. Mlo mkubwa bado ni wa mizizi. Ukiinyunyizia juani, inakuonyesha ncha zilizoungua, na usimlaumu mtu.

Ama mzee, siku ya mavuno alisimama mlangoni pa ghala, akatazama punje zilizonona, akamuuliza mbuzi ngano ile ilipewa nini. Mbuzi akaendelea kutafuna.

Tupokigwe alikuwa ndani anapepeta, akasikia. Akaweka kapu la mbegu katikati ya sakafu, juu yake akaweka kigae cha mtungi uliopasuka, bado kinanuka. Kisha akatokea mlango wa nyuma, akaufunga, mzee apate kuingia na kunusa jibu lake.