Aliyemfikisha Subilaga Ukurasa wa Mwisho

Sogeeni karibu, na aliye mwepesi wa kuhukumu aikalie hukumu yake kwanza. Nitaihitaji mwishoni.

Mjini Tukuyu, ambako mvua huingia bila kubisha hodi, palikuwa na kibanda cha vitabu vilivyokwisha kusomwa, pembeni mwa soko. Kila siku ya soko wapenzi wa riwaya za upelelezi walikutana hapo, wakakalia magunia na kujadili walichosoma. Walikuwa na sheria moja: asiyefika ukurasa wa mwisho hatajiwi muuaji. Anayemtaja mapema huwanunulia wote chai.

Anyelwisye, mnadi wa nguo za mitumba, alijaliwa sauti. Akikusomea kitabu, unamsikia mwizi akinyata na mlango ukilia, nawe umekaa juani na soko limekuzunguka.

Ambakisye, fundi baiskeli, alijaliwa kutafuta. Kifaa kikiwa kipo duniani atakuletea, hata kama kimezikwa chini ya banda la kuku la mtu asiyemfahamu.

Atupele, mama lishe, alijaliwa kuunganisha. Kitabu kikikosa kurasa, yeye aliziba pengo kwa maneno yake, na baada ya mwezi hakuna aliyekumbuka kipi kiliandikwa na kipi alikitunga huku akimenya ndizi.

Na Subilaga, fundi cherehani, alijaliwa kuonja. Ukimsomea mistari miwili ya kitabu kisicho na jalada, alikuambia nani kakiandika.

"Kile cha mpelelezi kipofu ni kitamu jamani," Anyelwisye alisema siku moja.

"Kitamu wapi?" Atupele akamjibu. "Kurasa nzima anavuta sigara. Atavuta mpaka lini, kaka? Maiti inaoza hapo!"

"Mimi nilimjua muuaji tangu alipoingia na mwavuli mkavu," Subilaga akasema. "Mvua yote ile, mwavuli mkavu?"

"Katajaaa! Chai ya wote!" wakapiga kelele, naye akacheka mpaka akajifuta macho kwa kitambaa cha mteja.

Hivyo ndivyo walivyoishi. Kisha mume wa Subilaga akafa ghafla, mezani, kikombe cha chai kikiwa mkononi.

Siku ya soko iliyofuata mjane alikuwa msibani. Wenzake walikaa kwenye magunia yao, na midomo ikaenda ilikozoea kwenda. "Swali ni moja," mmoja akasema kwa sauti ya mpelelezi. "Nani alimmiminia ile chai?" Wakacheka kidogo, kicheko cha watu wenye huzuni wasiojua pa kuiweka. Baadaye hakuna aliyekumbuka nani aliuliza. Lakini wote watatu walicheka.

Neno lile halikubaki kibandani. Lilitoka na wapita njia, likapanda mlima, likafika kwa wakwe likiwa si swali tena. Shemeji zake Subilaga wakaacha kumsalimia. Wateja wakapeleka vitambaa kwingine. Na waliofika nyumbani kwake, wakikaribishwa chai, walisema wameshakunywa.

Subilaga alirudi kibandani. Hakuuliza neno lilianzia wapi. Alikalia gunia lake na kuchagua kitabu.

Kitabu hicho kilikuwa na jalada la kijani. Tajiri mmoja mnunuzi wa kahawa amekutwa amekufa mezani, na lawama zote zinamwangukia mjane wake. Sura ya mwisho haikuwepo. Muuza karanga alikuwa ameichana akafungia karanga. Kitabu kilipita mkono kwa mkono, na wote wakasema ni mjane.

"Siyo mjane," alisema Subilaga.

"Sasa dada Subi, chakula alipika nani?" Anyelwisye akamtania. Akasikia alichosema, akainamia kitabu.

"Alipika yeye," Subilaga akajibu taratibu. "Kupika si kuua, kaka."

Mwaka huo ndipo alipougua. Ugonjwa ulimmaliza kidogo kidogo, kama sabuni inavyoisha, na ulipofika machoni hakuweza tena kusoma. Rafiki zake watatu walikwenda kumwona. Tusajigwe, binti wa kaka yake aliyekuwa akimuuguza, akawawekea chai. Waliinywa yote. Subilaga alisikia vikombe vikiwekwa chini vitupu, akageuzia uso ukutani kwa muda.

Kisha akasema, "Nataka kujua kama yule mjane wa kitabu cha kijani alisamehewa. Na sitaki kusimuliwa. Atupele, nakujua wewe. Nataka kisomwe kutoka kitabuni."

Ambakisye akaondoka. Alizunguka vibanda vyote vya Mbeya, hakukipata. Akaambiwa kuna muuguzi mstaafu huko Chunya anayehifadhi kila riwaya aliyowahi kununua. Akaenda. Yule mama hakutaka kuuza wala kuazimisha, mpaka Ambakisye alipomwachia rehani begi lake la spana, ambalo bila hilo fundi si fundi. Alirudi katika mvua, kitabu kimevishwa koti lake, yeye amelowa chepechepe.

Lakini msomaji hawezi kubeba mwisho mapajani asiufungue. Ndani ya basi aliusoma. Alipofika aliwaita wenzake nyuma ya nyumba, migombani.

"Ni mjane," akasema. "Alimtilia sumu. Anakiri mwenyewe, ukurasa mzima."

Maji yalidondoka kutoka kwenye majani.

"Hatuwezi kumsomea hivyo," alisema Atupele.

"Amesema kisomwe kutoka kitabuni," Ambakisye akamkumbusha.

"Kitakuwa mkononi. Anyelwisye, nitakupa maneno, wewe utayasoma."

"Mimi kunadi nimezoea, mama. Kumdanganya mgonjwa sijazoea."

"Shati lililotoboka huwa unalinadije?"

Anyelwisye akainama. "Nasema linaingiza hewa."

"Basi."

"Na muuaji atakuwa nani?" Ambakisye akauliza. "Karani? Mlinzi?"

Atupele alifikiri kwa muda mrefu. "Hakuna muuaji," akasema. "Mtu alikufa kama watu wanavyokufa." Hapo hapo chini ya migomba akautunga mwisho, sentensi kwa sentensi, Anyelwisye akirudia kimoyomoyo.

Waliingia. Ambakisye alimpa Subilaga kitabu akishike. Akakipapasa jalada, akagusa kurasa za mwisho, akahisi zimo. "Zote zipo," alisema, na uso wake ukalegea.

Anyelwisye akakifungua. Macho yake yalipita juu ya maneno ya muuaji anayekiri, na mdomo wake ukasema mengine: kwamba daktari alithibitisha moyo wa tajiri ulisimama wenyewe, kwamba mpelelezi aliwakusanya watu wote sebuleni, akavua kofia, akamgeukia mjane. "Mama," alisoma, "tulikuwa watu wa kutafuta muuaji, tukamtafuta hata pale ambapo palikuwa na msiba tu. Tulikukosea. Tunakuomba radhi." Sauti ile, ambayo sokoni haikuwahi kukatika, ilikatika hapo.

"Rudia anapoomba radhi," Subilaga alisema.

Akarudia.

Subilaga alifumba macho, mpaka wakadhani amelala. "Ndaga fijo," akashukuru kwa lugha ya nyumbani. Kisha akatabasamu kidogo. "Mwandishi huyu nimesoma vitabu vyake vyote. Hajawahi kumwomba mtu radhi hata mara moja."

Atupele alitazama mikono yake.

"Lile sanduku langu la vitabu," Subilaga alisema, "mpeni aliyenifikisha mwisho."

Alifariki kesho yake, kitabu cha kijani kikiwa kifuani.

Walipomaliza matanga, Tusajigwe alilitoa sanduku, akaliweka katikati ya watatu hao. "Shangazi hakutaja jina," akasema. "Semeni wenyewe. Ni nani?"

"Aligusa karatasi ndipo akatulia," alisema Ambakisye. "Pasipo kitabu angemkataa Atupele tangu neno la kwanza. Na spana zangu ziko Chunya hadi leo."

"Kitabu chako kilikuwa na mwisho wa kumuua kabla ya siku yake," alisema Atupele. "Maneno aliyoomba arudiwe yalitoka kichwani mwangu."

"Maneno yako yalikuwa migombani," alisema Anyelwisye. "Yalimfikia kwa koo langu. Na mimi ndiye niliyeona maneno ya kweli yakinitazama wakati nasoma mengine. Hamjui uzito wake."

Tusajigwe akawatazama mmoja mmoja. "Kama alijua kwamba hayakuwa ya kitabuni," akauliza, "basi nani alimfikisha?"

Kila mmoja alikisikia kile kicheko cha siku ile kibandani. Hakuna aliyenyoosha mkono.

Sanduku bado liko kwa Tusajigwe, limefungwa, na vitabu vinakula vumbi wakati watu wanataka kusoma.

Haya, wasikilizaji, sasa itoeni hukumu mliyoikalia. Apewe aliyekileta kitabu, aliyeyatunga maneno, au aliyeyatamka? Au wote watatu walikuwa wakirudisha tu kitu walichokichukua, na anayerudisha cha mwenyewe hapewi zawadi? Mimi nimelizungusha swali hili hadi nimechoka. Sanduku limewekwa mbele yenu: mngemkabidhi nani?