Sura Aliyoifukuza Akisali

Wamesimulia waliotutangulia katika imani kwamba huko Misri, pembezoni mwa jangwa, palikuwa na mtawa aitwaye Pisenti. Alikuwa mcha Mungu kwelikweli, ila lilimkaa rohoni jambo moja: wenzake walisema Mwenyezi Mungu husema nao katika sala, na yeye hakuwahi kusikia neno. Basi akaweka nadhiri afunge mpaka asikie, na asiposikia arudi kwao akalime.

Kila alipopiga magoti, ikamjia sura ya Ndugu Kolluto. Wawili hao walikuwa hawasemezani tangu walipogombea maji ya mfereji wa bustani, kila mmoja akitaka vitunguu vyake vinywe kwanza. Watu wazima, tena watawa, wamenuniana kwa ajili ya vitunguu. Sasa Kolluto alikuwa hoi kitandani, na Pisenti hajaenda kumjulia hali. Akaona huyo ni Ibilisi anamvurugia ibada. Akazidisha saumu, akapaza sauti katika sala ili aifukuze sura ile. Ikarudi vilevile.

Mwisho akakata tamaa. Akafunga kifurushi chake, akaenda kumuaga Abba Eliya, mkuu wa nyumba ile ya watawa. Angeweza kusingizia maradhi, lakini alieleza kweli yote, hata habari ya Kolluto, japo aliona haya sana.

Abba akamsikiliza mpaka mwisho. "Fikra hiyo inakutaka ufanye nini, mwanangu?"

"Niende kumtazama, Abba."

"Na tangu lini Ibilisi akamtuma mtu kumtazama mgonjwa?"

Pisenti akakiacha kifurushi palepale, akachota maji katika mfereji uleule waliougombea, akaenda. Alimkuta Kolluto ameelekea ukutani, midomo imemkauka. Akamwinua kichwa, akamnywesha, akamwomba radhi.

Kolluto akamshika mkono, asiuachie. "Nimekuwa nikimwomba Mungu akuite, ndugu yangu," akasema kwa taabu. "Nikadhani hanisikii."

Pisenti akalia, kisha wakacheka wote wawili, mgonjwa na mwenzake. Kifurushi kilifunguliwa jioni ileile, wala hakikufungwa tena.

Nasi, wapendwa, huenda tunangojea ngurumo, kumbe tumekwisha kuambiwa twende kwa nani. Leo tukipiga magoti, sura ya mtu ikitujia, tusiifukuze.