Sebule Iliyofungwa Ufunguo

Wapendwa, wenye watoto mapajani wapakateni vizuri, na leo hata wakilia wasitolewe nje. Habari hii ni yao.

Palikuwa na fundi cherehani mmoja. Jina lake silitaji, maana nikilitaja safu ile ya nyuma wataanza kutazamana. Alijenga nyumba yake kwa miaka kumi na moja: mwaka huu matofali, mwakani bati, mwaka wa tatu dirisha moja. Ilipokwisha akaipamba sebule. Ukuta mweupe, makochi yenye vitambaa, na kabati kubwa la mbao walilopewa na wakwe siku ya harusi, limejaa vyombo ambavyo havijawahi kulisha mtu wa nyumbani. Mnavijua. Vile vya wageni.

Sasa, Mungu alikuwa amempa pia watoto watatu, na mtu mwenye watoto watatu na ukuta mweupe ana kesi kila siku. Leo penseli, kesho mkono wenye mafuta ya kula. Yule baba akapandisha vitu juu, akaficha mikasi, akaondoa vikombe mezani. Mchana mmoja anarudi kula, anamkuta kitinda mimba wake, binti wa miaka mitano, amechuchumaa sebuleni na kijiko, anakwangua ukuta. Rangi imebanduka, udongo umemwagika sakafuni.

“Baba, kuna...”

“Nyamaza! Habari za ukuta huu nisizisikie tena mdomoni mwako.”

Mtoto akanyamaza. Mama alipojaribu kumtetea, akajibiwa kwamba mchelea mwana kulia hulia yeye. Tena jumuiya ilikuwa imepangiwa kusali kwake baada ya miezi minne, na fundi aliona aibu wageni waone ile alama. Kwa hiyo akalisukuma kabati mpaka likaiziba. Akafunga sebule kwa kitasa kipya, ufunguo akauvaa shingoni pamoja na futi yake ya kupimia. Watoto wakawa wanakula jikoni, na mlango ule wanaupita kwa kunyata.

Baada ya wiki mbili akafungua ili afute vumbi. Pembeni mwa kabati akakuta udongo. Kidogo tu, umemomonyoka sakafuni. Akashangaa. Kitasa kizima, dirisha lina nondo, udongo umeingiaje? Akawaita watoto akawakagua kucha, na kucha zote zilikuwa na udongo. Nyie, kuna mtoto ambaye kucha zake hazina? Akafagia, akafunga. Baada ya siku nne, udongo tena. Akamuuliza mkewe kama ana ufunguo mwingine. Mkewe naye akamuuliza kama anamwona ni mtu wa kwenda kuchezea udongo sebuleni kwa umri ule. Basi fundi akanyunyiza unga nyuma ya mlango anase nyayo. Kulipokucha, unga uko vilevile haujakanyagwa, na udongo upo!

Kichwa kikamvurugika. Akawa anaizunguka nyumba yake mwenyewe mithili ya mgeni aliyepotea. Alishona mkono wa kushoto wa koti upande wa kulia, yeye ambaye watu huvuka wilaya kumletea vitambaa. Mwisho akaenda kwa mchungaji, nyumba iombewe. Mchungaji akaomba. Msinitazame hivyo, mchungaji naye hakumuuliza swali hata moja.

Siku ya jumuiya ikafika. Waliposali wakamaliza, fundi akainuka mwenyewe, kwa fahari, akatoe vile vyombo. Akavuta mlango wa kabati. Mlango ukamfuata mkononi. Mbao za nyuma zikaporomoka kama mkate mkavu, vyombo vikaanguka, na nyuma yake ukuta mzima ulikuwa umepandwa na njia za mchwa, kuanzia sakafuni mpaka kwenye dari. Mzee mmoja akapanda kitini, akasukuma ubao wa dari, akaigonga kenchi inayobeba bati kwa fimbo. Ikalia tupu. Akamwambia fundi, taratibu, kwamba paa hili lishushwe kabla ya masika.

Miaka kumi na moja, ndugu zangu. Fundi alisimama na mlango wa kabati mkononi, hajui auweke wapi. Watoto wake walikuwa wamesimama nje ya kizingiti, hawathubutu kuingia. Akamtazama yule mdogo.

“Siku ile na kijiko, ulikuwa unafanya nini?”

“Nilikuwa nawabomolea, baba. Walikuwa wanajenga kwenye nyumba yetu.”

“Mbona hukuniambia?”

Mtoto akamtazama mama yake kwanza. Kisha akasema, “Wewe ulisema nisiseme.”

Sasa mimi na ninyi. Fundi alitaka kuilinda nyumba, na kwa hilo simlaumu. Lakini alimfungia nani nje? Ndani ya nyumba ile, aliyekuwa analinda alikuwa mmoja, ana kijiko, na baba akamnyang'anya kazi. Sisi wakubwa tunatazama juu, kwenye vioo vya kabati. Ubaya unaoanzia chini ukutani anauona mwenye kimo cha chini. Na yeye hasemi “nyumba ya baba.” Anasema “nyumba yetu.”

Mtaniuliza, basi tuwaache wachore kuta, wavunje sahani? Hapana, sijasema hivyo. Kusema kweli hata mimi sijui vizuri ni wapi pa kukataza na wapi pa kuacha. Nina wajukuu, na nina kabati. Ninalolijua ni hili: tumewanyamazisha watoto wetu kwa sababu ya sahani, halafu wakipatwa na jambo zito, wakiguswa na mtu mbaya, tunawauliza kwa nini hawakusema. Walikuwa wanatutii.

Ukifika nyumbani leo, kabla hujala, mwite yule uliyemwambia nyamaza wiki hii. Muulize alitaka kukwambia nini. Kisha wewe ndiye unyamaze.