Nyuki Nyumbani kwa Mbodze

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitikia kama mna njaa? Paukwa!

Pakawa!

Haya, ndivyo. Hapo zamani za kale, Fisi alipokuwa bado anaalikwa harusini na kupewa kiti, palikuwa na kijiji chenye desturi moja mbaya, nami nasema wazi ni mbaya. Jambo la ajabu likiingia nyumbani kwako, maana yake huisemi wewe. Maana husemwa na jirani, na wewe kazi yako ni kutii.

Basi siku moja kundi zima la nyuki likaingia nyumbani kwa Mbodze. Wakaning'inia darini, juu kabisa ya kitanda cha mwanawe mchanga, Chengo. Vuu, vuu, vuu! Mbodze akamnyakua mtoto, akatoka mbio.

Majirani wakajaa uani. Wa kwanza kusema alikuwa Nyegere, yule mla asali, pua imemvimba.

"Nyuki ni baraka," akasema. "Ila baraka haitaki watu. Hameni, mniachie nyumba. Maana ni hiyo, hakuna nyingine!"

Fisi, mganga wa kijiji, akacheka. "Mwongo huyo! Mizimu imekasirika, inamtaka mtoto. Jua likizama, mviringisheni nguo, mkamweke njia panda, mrudi bila kutazama nyuma. Maana ni hiyo, hakuna nyingine!"

Watu wakaanza kubishana, huyu kwa Nyegere, yule kwa Fisi. Mbodze akamgeukia mavyaa yake, Bi Mbeyu, mama wa mumewe.

"Mama, nimwamini nani?"

"Mwamini Fisi, mwanangu," Bi Mbeyu akajibu, macho chini. "Chatu alipoingia kwangu, nilimweka binti yangu wa kwanza palepale. Asubuhi hapakuwa na kitu. Mizimu ilimpokea."

Jamani! Miaka yote Mbodze yumo katika ukoo ule, na habari hiyo hajaisikia hata siku moja. Akamfunga mtoto mgongoni vizuri, akaenda kusimama mlangoni pake.

"Enyi nyuki, mna maana gani?"

Nyuki wakashangaa.

"Sisi? Nyegere ametuvunjia mzinga wetu. Tumemuuma pua, tukakimbia. Hapa pana kivuli. Tukipata mzinga mwingine tunaondoka. Ni hilo tu, hakuna jingine."

"Na mwanangu je?"

"Mwanao yupi?"

Mbodze hakuwaamini hivihivi. Alirudi uani akaitazama pua ya Nyegere. Nyegere akaifunika kwa mkono.

Basi Mbodze akachukua boga, akaliviringisha nguo, akaliweka njia panda. Kisha akajificha kichakani, Chengo mgongoni, na Bi Mbeyu amemshika mkono.

"Tutalaaniwa!" Bi Mbeyu akanong'ona.

"Tutalaaniwa pamoja, Mama. Leo tunatazama."

Jua likazama. Mizimu haikuja. Alikuja Fisi, peke yake, udenda unamtiririka. Akaliinamia furushi, akauma. Kwaa!

"Boga!" akafoka. "Yule mwingine alikuwa laini!"

Mmesikia, eeh?

Bi Mbeyu akatoka kichakani. Hakupiga kelele. Alimsogelea Fisi mpaka karibu, akamuuliza, "Alilia?"

Fisi akakimbia, na mpaka leo akiona moto wa watu huishia gizani, hasogei.

Mbodze akawatundikia nyuki mzinga mpya, wakahamia huko, na Chengo akarudi kulala kitandani pake. Lakini Bi Mbeyu, kila jua likizama, alikwenda njia panda akaketi, uso ameuelekeza pale alipomweka binti yake, pale alipokatazwa kutazama.

Nami hadithi yangu naitua hapo, kando yake.